Mjakazi wa Yudithi



Naomba tuitazame picha moja. Aliichora Artemisia Gentileschi, mwanamke mzaliwa wa Roma, yapata mwaka 1620, na imehifadhiwa katika jumba la Uffizi, Florence, nchini Italia. Yudithi anamkata kichwa jemadari Holoferne kitandani mwake. Si picha ya kutundika mbele ya watoto!

Mtazameni mjakazi. Caravaggio, aliyechora tukio hilohilo mnamo mwaka 1599, alimweka pembeni, kikongwe aliyeshika kitambaa akingoja. Artemisia amemfanya kijana mwenye nguvu, amemwinamia adui na kumkandamiza. Upanga anao Yudithi, lakini bila mikono ya mwenzake Holoferne angeinuka.

Kitabu cha Yudithi chatuambia kwamba watu wa Betulia walifungiwa maji siku 34, hata wazee wa mji wakaahidi: zikipita siku tano nyingine, wataukabidhi kwa adui. Waliotoka kwenda kambini ni wanawake wawili tu. Mjakazi ndiye aliyebeba mfuko wa bisi, tini na mikate. Kichwa cha Holoferne kilirudi katika mfuko huohuo.

Taarifa nyingi za miradi humtaja mwenyekiti, lakini mama aliyeteka maji ya kuchanganyia saruji hatajwi. Mjakazi huyu naye hakuandikwa jina. Yudithi hakumsahau: kabla ya kufa alimpa uhuru wake.