Shahidi Aliyepiga Kambi Lado: Theodore Roosevelt na Nchi Yetu, 1910

Mada iliyowasilishwa katika semina ya walimu wa historia, Adumi



Nilipoombwa kuandaa mada juu ya maisha ya rais mmoja wa Marekani na mambo aliyoyaacha, nadhani wengi mlitarajia nije na Lincoln au Kennedy. Nimemchagua Theodore Roosevelt, rais wa 26, kwa sababu alilala katika nchi yetu kwa muda wa wiki tatu hivi, mwanzoni mwa mwaka 1910, akaandika alichokiona. Maandishi ya enzi hiyo kuhusu eneo letu hili la West Nile ni machache mno, na mengi ni ripoti za maofisa zilizofungiwa kwenye makabati ya Brussels, Khartoum na London. Alichoandika Roosevelt ni kitabu kilichouzwa madukani.

Ninalotaka kusema ni kwamba tumfundishe Roosevelt kama shahidi. Tusimpokee upya kama mgeni wa heshima, maana mapokezi alikwisha kuyapata, na wala tusimburute kizimbani tukaridhika hapo. Shahidi huulizwa aliona nini. Huulizwa pia kwa nini jambo fulani lililokuwa mbele ya macho yake hakulisema.

Maisha yake nitayapitia haraka. Alizaliwa New York tarehe 27 Oktoba 1858, katika familia yenye mali, mtoto aliyesumbuliwa na pumu. Tarehe 14 Februari 1884 mama yake na mke wake walifariki siku hiyo hiyo, katika nyumba hiyo hiyo. Akaenda kuchunga ng'ombe Dakota, akarudi kwenye siasa, akapigana vita Cuba mwaka 1898, akawa makamu wa rais. William McKinley alipopigwa risasi na kufariki Septemba 1901, Roosevelt akashika madaraka akiwa na miaka 42, na hadi leo hakuna aliyeupata urais wa Marekani akiwa na umri mdogo kuliko huo. Mwaka 1906 alipata Tuzo ya Nobel ya Amani kwa kuwapatanisha Warusi na Wajapani. Mwaka huo huo aliwafukuza jeshini askari weusi 167 kwa tuhuma za mashambulizi ya risasi mjini Brownsville, Texas, bila kuwafikisha mahakamani. Mambo hayo mawili yawekwe kwenye ukurasa mmoja, maana vitabu vya shule hupenda kuyatenga.

Kubwa zaidi kwa mada yetu ni misitu na wanyama. Katika utawala wake Marekani ilianzisha idara ya misitu mwaka 1905, ikatenga mbuga mpya 5 za taifa, hifadhi 51 za ndege na misitu ya taifa ipatayo 150. Huyu basi ndiye mtu aliyeondoka madarakani Machi 1909 na, kabla mwezi haujaisha, akapanda meli kuja kuwinda Afrika Mashariki.

Alishuka Mombasa tarehe 21 Aprili 1909 pamoja na mwanawe Kermit na wataalamu watatu wa viumbe: Edgar Mearns, Edmund Heller na Alden Loring. Safari ilikuwa chini ya jina la Taasisi ya Smithsonian ya Washington, na tajiri Andrew Carnegie alikuwa mmoja wa waliochangia fedha. Walibeba tani 4 za chumvi za kuhifadhia ngozi. Naomba mwanafunzi aanzie hapo, kwenye chumvi, kabla hajafika kwenye bunduki. Chumvi hiyo ilipandishwa vichwani mwa watu, na mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa ratili 60, yaani kilo 27 hivi. Ilipokwisha kazi yake, zilizobebwa zilikuwa ngozi, mafuvu na mifupa. Wapagazi walizidi 200 safari ilipoanza, na mbele ya msafara ilipepea bendera ya Marekani.

Baada ya miezi katika Kenya ya leo, walivuka Ziwa Viktoria Desemba 1909, wakapita Entebbe na Kampala, wakatembea hadi Butiaba kwenye Ziwa Albert, kisha wakateremka na Nile hadi ukingo wa magharibi. Huku ndiko kwetu.

Nchi hii wakati huo iliitwa Lado. Mwaka 1894 Waingereza walimkodisha Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, ardhi yote kuanzia ukingo wa Nile hadi mgongo wa ardhi unaogawa maji ya Nile na ya Kongo, na kodi hiyo ilikuwa ya uhai wake tu. Adumi tuko karibu kabisa na mgongo huo. Leopold alifariki tarehe 17 Desemba 1909, na kwa mkataba ardhi ilipaswa kurudishwa ndani ya miezi sita. Roosevelt aliingia Januari. Maofisa wa Kibelgiji walikuwa bado vituoni, mwenye kodi amekwisha kuzikwa, na mwenye nyumba mpya hajafika. Wawindaji wa pembe za ndovu walijazana katika pengo hilo, watu kama John Boyes na W.D.M. Bell, ambao waliua tembo wa Lado kwa wingi na kuvusha pembe upande wa pili wa mto. Katikati ya mwaka 1910 eneo likaenda Sudan, na mwaka 1914 sehemu yetu ya kusini ikahamishiwa Uganda, ndipo A.E. Weatherhead akafungua boma la Arua. Kwa hiyo mzee aliyezaliwa hapa mwaka 1893 na akafika miaka 25 alitawaliwa kwa majina matatu tofauti bila kuhama nyumba yake.

Roosevelt aliyajua mateso ya watu chini ya utawala wa Leopold huko Kongo. Mwaka 1904 E.D. Morel, aliyekuwa akipigania haki za watu wa Kongo, alikwenda Marekani na kumwona Ikulu. Serikali ya Roosevelt ilijikokota. Miaka mitano baadaye rais huyo mstaafu alikuwa mgeni wa maofisa wa utawala uleule, na kitabu chake kinawasifu kwa ukarimu. Hapa shahidi wetu ana swali la kujibu.

Kambi yake ilikuwa kando ya ghuba ya mafunjo, chini ya miti ya miiba, mahali panapoitwa Rhino Camp mpaka leo. Mchana joto lilipita nyuzi 40. Usiku viboko walikoroma majini na mbu wakashuka kama mvua. Roosevelt aliandika sura zake palepale porini, kwa penseli na karatasi za nakala, kwa sababu jarida la Scribner's lilikuwa limemwahidi dola 50,000. Na huku Lado aliandika akiwa amejifunika chandarua kichwani na kuvaa glavu ndefu mikononi. Wenzake kadhaa walilazwa na homa na tumbo la kuhara. Moto wa nyasi uliwahi kuikaribia kambi, ikabidi wachome nyasi mbele yake ili ukose chakula. Mkulima yeyote wa hapa anaijua mbinu hiyo na saa yake: Januari, nyasi zimekauka, upepo unatoka kaskazini.

Walikuja kwa ajili ya mnyama mmoja, kifaru mweupe wa kaskazini, ambaye wataalamu walimpa jina lake la kisayansi mwaka 1908 tu. Baba alipiga watano, mwana wanne. Katika safari nzima wawili hao waliua wanyama 512, baba 296 na mwana 216, na orodha imechapishwa mwishoni mwa kitabu, mnyama kwa mnyama. Roosevelt huyo huyo aliandika kwamba vifaru hawa ni wachache na kwamba ingefaa kuwaua kupigwe marufuku mpaka idadi yao na makazi yao vichunguzwe. Aliona hatari sawasawa. Aliiona akiwa ameshika bunduki, na katika sentensi hizo hakujihesabu miongoni mwa wale wa kuzuiwa, kwa kuwa aliwinda kwa ajili ya makumbusho. Sidhani alikuwa mnafiki. Nadhani aliamini kwa moyo mmoja kwamba sayansi ina kibali chake, na imani hiyo tumeiona kwa wageni wengi waliofuata, wenye madaftari badala ya bunduki.

Sasa watu. Kitabu kinawataja baadhi ya wasaidizi: Kongoni, Mkamba aliyebeba bunduki zake, Juma Yohari, Mswahili, na Kassitura, Msoga mwenye umbo kubwa, waliofuatana na Kermit. Anasema wapagazi walimwita yeye Bwana Mkubwa na mwanawe Bwana Maridadi. Ni picha za kupendeza, za watu waaminifu, hodari, wachekeshaji. Lakini wenyeji wa Lado wanapita pembeni mwa ukurasa, kwa mavazi yao na silaha zao. Hakuna Mlugbara wala Mmadi anayezungumza mambo yake humo. Kila kifaru ana vipimo vyake. Nani alikuwa chifu wa ukingo ule, nani aliuza chakula kambini na kwa bei gani, hayo hayamo. Ndugu zangu, ukimya huo nao ni ushahidi, na kuujaza ni kazi tunayoweza kufanya sisi.

Aliporudi kwao aligombea tena urais mwaka 1912 kwa chama kipya, akapigwa risasi Milwaukee na kumaliza hotuba yake risasi ikiwa bado kifuani, kisha akashindwa. Alifariki tarehe 6 Januari 1919. Mwaka 1940 New York ilimjengea sanamu mbele ya makumbusho ya viumbe: yeye juu ya farasi, Mwafrika upande mmoja na Mmarekani wa asili upande mwingine, wote wawili kwa miguu. Iliondolewa Januari 2022 baada ya mabishano ya miaka mingi. Wasiowahi kukisoma kitabu waliielewa sanamu mara moja.

Vifaru je? Hadi kiasi cha mwaka 1960 walikadiriwa kufika 2,000 kuanzia Chad hadi kwetu. Serikali ilitenga hifadhi ya Ajai ukingoni mwa Nile kwa ajili yao, na wachache wakavushwa hadi Murchison Falls. Kisha zikaja bunduki za miaka ya 1970, kuanguka kwa serikali ya Amin mwaka 1979, watu wa West Nile kukimbilia Zaire na Sudan, na bei ya pembe Yemen na kwingine Asia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamekwisha Uganda nzima. Garamba, ng'ambo ya mpaka, mwaka 1984 walibaki 15, na baadaye nao wakatoweka. Dume wa mwisho, aliyeitwa Sudan, alikufa Ol Pejeta, Kenya, tarehe 19 Machi 2018. Wamebaki majike wawili, Najin na bintiye Fatu. Kuuawa kwa vifaru 9 Januari 1910 hakukummaliza mnyama huyu, na mwalimu asiwaambie watoto hivyo.

Kuna kichekesho kimoja nisichoweza kukiacha. Katika hifadhi ya Ziwa, Nakasongola, walikoletwa vifaru weupe wa kusini, ndama wa kwanza alizaliwa mwaka 2009, baba yake ametoka Kenya na mama yake Marekani. Wakamwita Obama.

Napendekeza mambo mawili ya darasani. Kwanza, wanafunzi wachore ramani tatu za Adumi, za 1909, 1912 na 1914, na kwa kila moja waandike ni nani angepokea kodi ya nyumba hii tuliyokaa. Pili, wakati wa ziara ya Rhino Camp, ambako leo wengi hufahamu kwanza makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa mwaka 1980, wasiende na kamera tu. Waende na sura za Lado mkononi na maswali ambayo Roosevelt hakuuliza, wawaulize wazee wa ukingoni kwa lugha zao, waandike majina ya koo na ya maeneo kama yanavyotamkwa. Kitabu kilitoka mwaka 1910 na hakimiliki yake imekwisha zamani, hivyo shule yoyote inaweza kuchapa sura hizo na kuwapa Senior Two wazitafsiri bila kuomba ruhusa ya mtu.