Tusimwite Mtoto Mzito Kabla ya Kumjua

(Maneno yaliyotolewa kwenye semina ya vikundi vya kujisaidia, Thika)



Nimeombwa niongee juu ya jambo ambalo vikundi vyenye beibi-kea huuliza kila mara: tutajuaje kama mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu anakua vizuri moyoni, na katika kuishi na watu? Kilo tunajua. Kliniki kuna mizani, na kijitabu cha mama na mtoto kina mstari wake. Lakini haya, hofu, furaha, mapenzi, utavipima na mizani gani?

Na hapa kwetu ni kugumu kuliko mashambani. Toka Makongeni na Kiandutu mpaka Ruiru, watu walifuata viwanda na mashamba ya kahawa na mananasi kutoka kila pembe ya Kenya. Chumba kimoja cha beibi-kea kina mtoto wa Mkikuyu, wa Mkamba, wa Mkisii, wa Mluhya, wa Mjaluo, na mlezi ni mmoja. Huyu kwao amefundishwa kwamba mtoto mwema hamkodolei mkubwa macho. Yule kwao mtoto akinyamaza mbele ya mgeni wanaulizana, ana nini? Sasa mlezi akisema, "Huyu ni mzito," amempima kwa mizani ya nyumbani kwake yeye mlezi.

Hata wasomi iliwabidi kujifunza hilo. Mwaka 1954 mama mmoja msomi, Mary Ainsworth, alikuja Uganda. Alichagua akina mama 26 na watoto wao 28 katika vijiji vya Baganda karibu na Kampala. Hakuwaita ofisini. Alienda kwao, akakaa kama saa mbili, akarudi baada ya majuma mawili, na hivyo hivyo kwa miezi. Alitazama mtoto anavyomfuata mama, anavyolia mama akitoka, anavyompokea akirudi. Watoto wengi walimpokea mama kwa kupiga makofi. Kukumbatia na kubusu, kama alivyozoea kuona kwa Wazungu, hakukuwa desturi yao. Kitabu chake kilitoka 1967.

Baadaye, huko Baltimore, Marekani, alitengeneza kipimo kilichopata sifa duniani: mama anatoka chumbani dakika chache, mtoto anaachwa na mgeni, mama anarudi, na mtoto anatazamwa atafanya nini. Kipimo hicho kilipoletwa kwa Wakisii, katika utafiti uliochapishwa 1986, kilibidi kusomwa upya. Mtoto wa Kisii husalimiwa kwa mkono. Aliyekuwa na utulivu alinyosha mkono apewe salamu. Mwenye wasiwasi alimkwepa mkubwa, au alinyosha akaurudisha. Mtu anayengoja kuona kukumbatiwa tu angeandika kwenye karatasi yake, "Mtoto hana mapenzi." Na karatasi, mnajua, ikishaandikwa haifutiki kwa urahisi.

Kule Kokwet kwa Wakipsigis, Sara Harkness na Charles Super waliwauliza wazazi mtoto mwerevu ni yupi. Waliambiwa ni yule anayeona kinachohitajika nyumbani akakifanya bila kukumbushwa. Hayo ni maendeleo ya kijamii kabisa, ingawa hakuna kisanduku chake kwenye fomu nyingi.

Basi mlezi afanye nini? Mtoto mpya akija, muulize mama au nyanya: analala na nani? Nani humbeba mgongoni? Akianguka hukimbilia kwa nani? Kwenu mnasalimianaje? Anatumwa nini? Ni kama kutengeneza chai, haichukui muda. Halafu mtazame majuma mawili kabla ya kusema neno. Mtoto wa mwaka na nusu anayelia siku za kwanza mamake akienda shifti si mgonjwa wala hajadekezwa. Ana mtu wake, na hiyo ni afya.

Lakini jamani, tusije tukaficha shida nyuma ya mila. Kuna dalili ambazo hakuna kabila linaloweza kuziita desturi. Mtoto wa miezi sita ambaye hatabasamu hata kwa mamake. Wa mwaka mmoja ambaye haitiki jina lake, haonyeshi kitu kwa mkono, hapungi mkono. Wa miaka miwili asiyeunganisha hata maneno mawili. Na zaidi ya yote, yule aliyekuwa akisema au akicheza, kisha akaacha. Hapo usiseme "hata babake alichelewa," wala usiende kutafuta nani kamroga. Mpeleke kliniki, au Thika Level 5, na uombe masikio yapimwe kwanza. Viko pia vituo vya serikali vya kupima watoto wenye mahitaji maalum, vinavyoitwa EARC, vilivyoanza mwaka 1984. Ofisi ya elimu itakuelekeza kilicho karibu.

Na yule anayeumia na hamwendei mtu yeyote, anakaa tu? Huyo mtembelee nyumbani. Mara nyingine ni njaa, mara nyingine ni kipigo, mara nyingine ni kwamba amebadilishiwa walezi wanne kwa mwaka. Nenda kwa upole. Mama anayetoka shifti ya usiku hahitaji polisi mlangoni, anahitaji mtu wa kumsaidia kumpata mlezi atakayedumu.

Swali lililoulizwa na mama mmoja wa Ruiru: "Wangu ana miaka miwili, maneno ya Kiswahili hayafiki kumi. Nyumbani ni Kikamba, kwa jirani Kikikuyu. Nijali?"

Jibu: Usihesabu Kiswahili peke yake. Kaa naye siku tatu, uandike kila neno analosema, la lugha yoyote, hata "maa" la kuomba maji, na maneno anayounganisha. Yakijumlika yakawa mengi na anayaunganisha, lugha nyingi hazijamchelewesha. Yakibaki machache, leta hiyo orodha kliniki pamoja na kijitabu chake.