Rangi ya Mkia wa Puma

(Hotuba kwa wanafunzi wa zamani, mara baada ya chakula cha mchana)



Katibu aliponiandikia kwamba nizungumze dakika kumi juu ya jambo la manufaa, nilimjibu kuwa sina manufaa yoyote tena, maana nimestaafu. Akasema, basi zungumza juu ya vile vihelikopta vyako. Naona wengine mnacheka. Chekeni tu. Mke wangu alianza kucheka mwaka 1981 na hajamaliza hadi leo.

Ugonjwa huu sikuupata hapa shuleni. Niliupata Uingereza, nilikopelekwa mwaka 1975 kusomea kazi ya rangi za viwandani. Katika wilaya ile ile, kwa bahati, alikuwako mwenzetu mmoja akisomea umeme. Alikuwa kiranja wa bweni letu, nyote mnamjua, naye alitutoka mwaka 2018. Sitamtaja jina, kwa kuwa familia yake ipo hapa na shemeji yangu hapendi makuu. Jumamosi tulikuwa tukipanda baiskeli hadi Odiham, kambi ya jeshi la anga la Uingereza, tukasimama nje ya ua kutazama helikopta za Puma zikipaa na kutua. Puma zilianza kazi katika jeshi hilo mwaka 1971, na za mwisho zilistaafishwa Machi 2025. Zimekaa kazini kuliko mimi.

Mwenzangu akanunua Puma ya plastiki ya Airfix, ya kipimo cha moja kwa sabini na mbili. Maana yake, mwili wa helikopta wenye mita 14 unakuwa sentimeta 19 na nusu, yaani karibu sawa na rula fupi. Kuibandika ni kazi ya siku mbili. Rangi ndiyo iliyomchukua miezi mitatu.

Helikopta zile zilipakwa mabaka ya rangi mbili: kijani kilichokoza na kijivu cha bahari kilichokoza. Waingereza wana orodha yao ya rangi, iitwayo BS 381C, na humo kijani kile ni namba 641 na kijivu ni namba 638. Wamarekani nao wana yao ya tarakimu tano, iliyoanza mwaka 1956. Ukiona 34087, ile rangi ya zeituni ya helikopta zao za Vietnam, tarakimu ya kwanza, 3, inakwambia rangi haing'ai, na ya pili, 4, inakwambia ni ya ukoo wa kijani. Mtu akishazijua namba hizi hudhani kazi imekwisha. Ananunua kopo la namba yake, anapaka, anakaa chini kutazama, na helikopta inaonekana nyeusi kama sufuria ya kuni.

Kwa nini? Waundaji wengi husema ni hewa. Wanadai kuwa kitu kikiwa mbali hupauka, kwa hiyo kielelezo kidogo lazima kiongezwe nyeupe. Mimi sikubaliani nao sana. Kielelezo cha kipimo hiki ukikitazama kwa sentimeta 30 ni sawa na kutazama helikopta yenyewe kwa mita 21 na ushee. Hewa gani ya mita 21 itabadilisha rangi, labda iwe ya jikoni kwenu? Sababu kubwa ni mwanga. Mwanga hupimwa kwa laksi, na jua la mchana hufika laksi 100,000. Mezani pako chini ya taa, ukipata 500 umshukuru fundi umeme. Rangi ile ile ikihama kutoka uwanjani kuingia sebuleni hupoteza uhai. Kwa hiyo ni kweli tunaipausha kidogo, ila tujue tunafidia taa. Tena nyeupe tupu ukiitia kwenye kijani kilichokoza unapata rangi ya dawa ya meno. Afadhali tone la manjano au la hudhurungi isiyokoza.

Halafu kopo likorogwe. Nisikieni, wajukuu mlioko nyuma: kile kinachoifanya rangi ising'ae ni unga, na unga hutuama chini. Ukichota juu juu utapata rangi inayong'aa na iliyokoza, na kesho ukikoroga vizuri utapata nyingine, kutoka kopo moja. Na usihukumu rangi mbichi. Paka kwenye kipande cha plastiki, acha siku nzima.

Mwenzangu alifanya haya yote. Siku ambayo kambi ilifungua milango kwa raia tulifika mapema, naye akasogeza vipande vyake vilivyopakwa karibu na ubavu wa Puma. Hakuna kilichofanana! Helikopta yenyewe ilikuwa na vijivu vitatu: pale chini ya bomba la moshi palikuwa na masizi, mlango mmoja ulikuwa mpya, na mkia ulikuwa umepaushwa na jua na mvua hadi kuelekea hudhurungi. Akachagua mkia. Akaandika vipimo vyake kwenye daftari la hesabu, tone kwa tone. Puma ile alikuja nayo nyumbani ndani ya boksi la viatu, ikakaa juu ya kabati la vyombo zaidi ya miaka arobaini.

Baada ya mazishi, shemeji alinipa ile helikopta. Ilikuwa imeanguka siku za msiba, mapanga mawili ya juu yamevunjika na mkia umechubuka rangi ya kijivu. Akasema, "Shemeji, wewe ndiye fundi, itengeneze kama alivyoiacha." Daftari halikuonekana. Nikajisemea moyoni, mimi niliyelinganisha rangi kiwandani miaka ishirini na sita, nihitaji daftari la fundi umeme?

Mapanga yalikuwa rahisi. Kijivu nilikichanganya usiku, chini ya tyubulaiti. Nilitia tone la buluu, sikuona tofauti. Nikatia la pili, nikaona kimekaa sawa kabisa. Nikapaka, nikairudisha. Shemeji akaipokea kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda mrefu, akasema ahsante.

Mwaka uliofuata nilifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, jicho la kulia kwanza. Walipofungua bandeji, daktari aliniambia nifumbe jicho moja moja nitazame koti lake. Kwa jicho jipya lilikuwa jeupe la theluji. Kwa lile la kushoto lilikuwa kama limetoswa kwenye chai ya rangi. Lenzi ya mtoto wa jicho hugeuka manjano na kunyonya mwanga wa buluu, tena polepole, hata mwenyewe hupati habari. Nilicheka sana, mpaka nilipokumbuka ule mkia.

Nilikwenda kwa shemeji kabla jicho la pili halijafanyiwa. Nikaichukua Puma, nikaipeleka barazani. Nikafumba la kulia: mkia safi, kiraka hakionekani. Nikafumba la kushoto: kiraka cha buluu kama sare ya shule ya msingi, upana wa kidole gumba. Nikafumba tena la kulia, kikatoweka. Nilirudia labda mara kumi. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni. Nikamwuliza, "Mlikuwa mnaona?" Akasema, "Tuliona siku ile ile, baba mdogo. Mama alitukataza kusema. Ulikuwa unalia wakati unaileta."

Nikaomba niirudie. Shemeji akakataa. Alisema ameshakizoea kiraka, kila akikiona anatukumbuka wote wawili. Tulibishana hivyo karibu mwaka. Kilichomgeuza ni daftari, lililopatikana ndani ya mfuko wa vifaa vya umeme. Akaniletea yeye mwenyewe, akasema, "Basi fanya, lakini fanya kama alivyoandika."

Sasa hapa wataalamu wa rangi watanielewa. Vipimo vile viliandikwa kwa makopo ya mwaka 1976. Rangi za leo hata zikibeba namba ile ile hazitoki kwenye unga ule ule, na rangi mbili zinazofanana kwenye mwanga wa jua zaweza kuachana kabisa chini ya globu. Nilifuata daftari tone kwa tone nikapata kijivu chenye uwekundu. Ikabidi nianze tena, kwa macho mawili mapya, na yule binti pembeni yangu awe shahidi.

Uingereza walitufundisha kulinganisha rangi kwenye dirisha la kaskazini, kwa sababu huko jua haliingii upande huo. Hapa kwetu karibu na ikweta, mwezi Juni jua linaingia humo humo hadi mezani. Tulitumia baraza lao, saa nne asubuhi, siku ya mawingu, na karatasi nyeupe imetandazwa chini. Nikisema tayari, binti anasema bado. Tulipaka vipande kumi na saba. Cha kumi na saba tulikipaka pia na kukitazama chini ya globu, tyubulaiti na barazani, ndipo akasema, "Hapo, baba mdogo."

Puma ipo pale kwenye meza ya nyuma, karibu na picha za timu ya mpira. Shemeji ameileta mwenyewe. Mkitaka kuitafuta alama, ipelekeni upande wa dirishani, maana taa za ukumbi huu ni mbaya. Ila msishike mapanga, gundi yake ni ya zamani.