Je, Nile Hata Kama Sina Njaa?

(Haya ni mazungumzo yaliyosomwa redioni katika kipindi cha ibada ya asubuhi. Tumeyachapa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakupata nafasi ya kuyasikia.)

Nawasalimu ninyi mlio jikoni mkiwasha moto, ninyi mlio ndani ya matatu mkielekea kazini, na ninyi mlio vitandani kwa ugonjwa. Karibuni tuketi pamoja kwa dakika chache.

Asubuhi ya leo nina barua mkononi. Imetoka kwa mama mmoja ambaye sitamtaja jina. Anaeleza kwamba alikwenda kliniki, akapimwa uzito na presha, akaambiwa kwamba ni lazima apunguze uzito. Tangu siku hiyo kila mtu amekuwa daktari wake. Jirani amwambia kwamba asipokunywa chai na mkate asubuhi atazidi kunenepa. Dada yake amwambia afunge mpaka jioni. Mama mwenyewe asema akiamka hana njaa kabisa, lakini hujilazimisha kula. Kisha watoto wakibakiza ugali usiku, yeye huumaliza, maana tangu utoto alifundishwa kwamba kutupa chakula ni dhambi. Mwisho wa barua ameuliza hivi: "Je, nile hata kama sina njaa? Na nikila bila njaa, nimemkosea Mungu?"

Mama, asante kwa barua yako. Nimekaa nayo muda mrefu kwa sababu jambo hili ni langu pia. Miaka michache iliyopita mimi nami nilipanda juu ya mizani, na mhudumu akasoma kilo 98. Alinitazama, akatazama kitabu chake, akasema, "Mchungaji, magoti yako yanalia." Nilicheka, lakini nilipofika nyumbani sikuwa na kicheko tena.

Wazee wetu walisema: shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Walijua kwamba shibe na njaa zote mbili zaweza kumwangusha mtu. Basi tukijibu swali la mama huyu, tusikimbie shimo moja na kutumbukia katika jingine.

Kabla ya neno lolote lingine, mama, ninakuuliza: je, unatumia dawa ya kisukari? Ninauliza kwa sababu ya ndugu yangu mkubwa. Yeye hujidunga sindano ya insulini kila asubuhi. Siku moja alijidunga kama kawaida, kisha akasema, "Leo sina njaa, na daktari aliniambia nipunguze uzito. Basi nisile." Akachukua jembe akaenda shambani. Kabla ya saa tano watoto walimkuta ameketi kwenye mtaro, jasho linamtiririka, mikono inatetemeka, na maneno yake hayaeleweki. Jirani aliyepita njiani alitikisa kichwa akasema, "Mzee wa kanisa amelewa mapema hivi!" Lakini ndugu yangu hajaonja pombe maisha yake yote. Sukari ilikuwa imeshuka katika damu yake. Mke wake, ambaye alikuwa amefundishwa kliniki, alimpa maji yenye sukari nyingi wakati angali anaweza kumeza, na baada ya muda akili zake zikarudi. Angalikuwa amezimia, wasingalimtia kitu mdomoni, maana angeweza kupaliwa, wangalimkimbiza hospitali.

Insulini hushusha sukari hata kama tumbo ni tupu. Baadhi ya vidonge vya kisukari hufanya vivyo hivyo. Kwa mtu wa namna hii, kula kwa saa yake ni sehemu ya dawa, awe na njaa au asiwe nayo. Akitaka kupunguza chakula ni jambo jema, lakini aende kwanza kliniki ili dawa ipimwe upya. Asijiamulie peke yake.

Sasa tuseme mama yetu hatumii dawa hizo. Anaamka hana njaa. Je, ajilazimishe? Mimi nasema, hapana haja. Wengi tumeambiwa kwamba asiyekula asubuhi hunenepa. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, walikusanya majaribio 13 kuhusu chakula cha asubuhi na kuyachapisha katika jarida la British Medical Journal. Hawakuona kwamba kula asubuhi kunampunguzia mtu uzito. Waliokula asubuhi ndio waliokula zaidi kidogo kwa siku nzima. Watafiti wenyewe walikiri kwamba majaribio yale hayakuwa imara sana, kwa hiyo tusiyafanye kuwa sheria. Lakini yatosha kumwondolea mama huyu hofu. Kama hana njaa saa kumi na mbili, na ale saa tatu au saa nne njaa ikija. Neno hili ni kwa mtu mzima anayepunguza uzito. Mtoto anayekwenda shule na mama mja mzito, hao wana mahitaji yao.

Lakini sikiliza upande wa pili, dada uliyemshauri mwenzako afunge mpaka jioni kila siku. Mwezi wa Novemba 1944, Vita Vikuu vya Pili vikiwa havijaisha, vijana wanaume 36 walijitolea kwa jaribio katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Walikuwa wamekataa kubeba bunduki kwa ajili ya dhamiri zao, na wengi walitoka katika makanisa ya amani, kama Wamennonite na Marafiki, yaani Waquaker, ambao tunawajua sana hapa Magharibi mwa Kenya. Walikubali kutiwa njaa ili wataalamu, wakiongozwa na Ancel Keys, wajifunze jinsi ya kuwalisha watu wa Ulaya waliokuwa wakifa njaa. Kwa majuma 24 walipewa karibu nusu ya chakula walichozoea. Walipungua karibu robo ya uzito wao. Mawazo yao yakawa ni chakula tu: waliota chakula, walizungumza chakula, wengine walisoma vitabu vya mapishi kama mtu asomavyo hadithi. Na waliporudishiwa chakula, baadhi yao walikula mpaka tumbo likakataa kupokea zaidi, na bado wakasema wana njaa.

Mimi nilifanya kosa hilo hilo kwa kiasi kidogo. Baada ya mizani ile nilikaa siku nzima kwa maji tu. Jioni ilipofika nilikula ugali wa watu watatu, na usiku nikaamka kutafuta mkate uliobaki. Mtu akiinyima njaa ya kweli siku nyingi, siku moja itamlipiza. Ukiwa na njaa, ule. Ule polepole, kwa kuwa huchukua kama dakika 20 kabla ya kichwa kupata habari kwamba tumbo limepokea.

Hapo mtu ataniuliza, "Mchungaji, nitajuaje kwamba hii ni njaa ya kweli?" Swali ni zuri. Mwaka 1999 Masayasu Kojima na Kenji Kangawa wa Japani, pamoja na wenzao, walitangaza kwamba wamegundua homoni itokayo tumboni, inayoitwa ghrelini, ambayo huamsha hamu ya kula. Baadaye ilionekana kwamba hupanda karibu na saa ambazo mtu amezoea kula, kisha hushuka. Kwa hiyo kama miaka 20 umekunywa chai na mandazi saa nne, ikifika saa nne tumbo litabisha hodi hata kama ulikula saa mbili. Ngoja kidogo. Kunywa maji, fanya kazi uliyokuwa ukifanya. Kama ni mazoea, mara nyingi yatapita. Kama ni njaa, itarudi, nawe utaipa haki yake. Na jiulize tena kama kweli ni tumbo linalotaka, au ni uchovu, au upweke, au hasira uliyotoka nayo kazini. Hayo hayaponi kwa mandazi. Hayo tuyapeleke kwa Mungu katika sala, na kwa rafiki mwema.

Sasa niwaambie jambo lililonifundisha zaidi ya mizani. Kazi ya uchungaji ni kutembelea nyumba, na kwetu Magharibi hakuna nyumba ya kutembelea bila kula. Jumapili moja nilikuwa nimekwisha kula nyumba mbili. Nyumba ya tatu ilikuwa ya mama mzee, mjane. Alikuwa amenichinjia kuku. Alileta ugali wa wimbi, akaweka mbele yangu bakuli, na juu ya nyama akaweka firigisi, ambayo kwetu hupewa mgeni wa heshima. Mimi nilikuwa nimeshiba, na nilikuwa nimejiapia kupunguza uzito. Nikasema, "Mama, sili." Nikanyamaza hapo.

Yule mama hakusema kitu. Alifunika bakuli. Tulisali, nikaondoka. Nilipofika mlangoni akauliza kwa sauti ya chini, "Mchungaji, chakula cha mjane kina kasoro gani?"

Sikulala vizuri usiku ule. Baada ya siku mbili nilirudi kwake. Nikamwambia, "Mama, nimekuja kuomba msamaha. Mimi ni mgonjwa. Daktari ameniambia nipunguze chakula, nami niliona haya kukwambia." Akanitazama, akapiga makofi ya mshangao. "Ee baba, si ungesema! Mimi mwenyewe nimekatazwa chumvi. Mgonjwa halazimishwi. Nilidhani umenidharau." Siku ile alinipa kikombe cha chai isiyo na sukari na vipande viwili vya kiazi kitamu. Sikuwa na njaa, nami nilikula vyote kwa furaha. Tangu hapo, nikienda kwake, hunipa firigisi na tonge mbili za ugali, na sehemu yangu iliyobaki huwapa wajukuu wake, ambao wananipenda sana kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo, mama uliyeandika, kula kidogo bila njaa kwa ajili ya upendo wa jirani si kosa. Lakini si lazima kumaliza sahani ndipo upendo uonekane. Sema ukweli mapema, kabla kuku hajachinjwa. Pokea kidogo, shukuru kwa moyo wote.

Na ule ugali wa watoto je? Fungua Injili ya Yohana mlango wa 6. Watu 5,000 walikula wakashiba, na mikate ikabaki. Bwana Yesu hakuwaagiza wanafunzi wale mabaki mpaka yaishe. Aliwaagiza wayakusanye ili kisipotee kitu, na vikapu 12 vikajaa. Chakula kilichozidi kinaweza kuwekwa vizuri mpaka kesho. Kinaweza kupewa jirani, au kuku. Ukikitia katika tumbo ambalo limeshiba, hujakiokoa; umekitupa mahali pengine, na mahali penyewe panaumia. Afadhali kesho upike kipimo kidogo zaidi.

Nimalizie kwa mtu ambaye barua hii haikumtaja, lakini huenda ananisikiliza. Wewe hupunguzi uzito kwa kupenda. Umefiwa, au umekuwa mgonjwa, au ni mzee unayeishi peke yako, na hamu ya chakula imekutoka. Nguo zinalegea. Usidhani maneno yangu ya leo yanakuruhusu usile. Mkumbuke nabii Eliya katika 1 Wafalme mlango wa 19. Alikimbilia jangwani, akaketi chini ya mti, akaomba afe, akalala. Hatusomi kwamba aliomba chakula. Malaika alimgusa mara mbili akamwagiza ale, kwa sababu safari iliyokuwa mbele yake ilikuwa ndefu kuliko nguvu zake. Kulikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na chombo cha maji, basi. Akala, akatembea mpaka Horebu, siku 40. Ndugu yangu, kula kidogo kidogo hata kama huna hamu, kwa ajili ya safari yako. Na nenda hospitali wakaangalie kwa nini unakonda.

Mnaona, wapenzi, kwamba jibu si moja kwa watu wote. Ndugu yangu anakula kwa saa kwa sababu ya dawa. Mama wa barua anaweza kungoja njaa yake ije. Mimi nakula tonge mbili kwa mjane. Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba hata kula na kunywa kwetu ni kwa utukufu wa Mungu. Basi kabla ya kunyosha mkono, tuulize: chakula hiki ninakila kwa ajili ya nini? Ukiwa na jibu ambalo waweza kulisema katika sala ya kushukuru chakula, kula kwa amani. Usipokuwa nalo, funika sahani, nayo itakungoja.

Natuombe. Ee Baba, asante kwa mvua, kwa shamba na kwa mikono iliyopika. Utupe kujua kiasi. Uwakumbuke leo wale ambao hawaulizi kama wana njaa au hawana, kwa kuwa hawana cha kula, na utufanye tuwe wepesi wa kugawana nao. Amina.

Kwaherini, wapenzi wasikilizaji, mpaka tutakapokutana tena. Mungu awabariki.