Yethro Hakuja Peke Yake

Somo: Kutoka 18:1-27



Nyumbani mwetu mna kazi mbili kubwa. Sisi twachunga parishi yenye makanisa manne. Mama watoto naye anasomea shahada ya udaktari, akichunguza saratani ya umio, yaani ile njia ipelekayo chakula tumboni. Ugonjwa huu umewaliza wengi katika Bonde la Ufa. Huenda hospitalini akawauliza wagonjwa: Ulianza lini kushindwa kumeza? Watumia tumbako? Chai huinywa ikiwa ya moto kiasi gani? Kwa maana mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kwamba vinywaji vya moto sana, kupita digrii 65, yaelekea huleta saratani hiyo.

Basi jioni mama alikuwa mezani na hesabu zake, nasi kikaoni. Kila mmoja alikuwa na udhuru mwema: yeye wagonjwa, sisi kondoo wa Bwana. Nani angetukemea?

Usiku mmoja binti yetu wa miaka tisa alisimama mlangoni akauliza, "Mama, ni lazima mtu awe mgonjwa ndipo umwulize maswali?"

Mama aliweka kalamu chini. Sisi tulikuwa tumekwisha kuvaa koti, twaenda kuombea nyumba ya watu wengine.

Habari ya Yethro tumeihubiri mara nyingi: Musa agawe kazi, asije akachoka. Lakini rudini mwanzo wa sura. Kabla ya kumpa Musa shauri lolote juu ya kazi, mzee yule alimletea mkewe Sipora na wanawe wawili, Gershomu na Eliezeri. Mtu aliyeongoza taifa zima kutoka Misri, jamaa yake ililetwa na mkwewe!

Hatukuacha kazi zetu. Wagonjwa wapo, na kondoo wapo. Lakini kikao cha Alhamisi tuliwakabidhi wazee wa kanisa, tukajifunza kusonga ugali. Mama alimwendea msimamizi wake akaomba mwaka mmoja zaidi. Iliuma. Karo iliongezeka, na wenzake walivaa joho mbele yake.

Na chai? Siku hizi ikimiminwa hatuinywi papo hapo. Twangoja ipoe, kama mama anavyowafundisha watu. Katika kungoja huko ndipo twaulizana habari za siku, sisi tulio wazima. Binti yetu ndiye mwenye maswali mengi kuliko wote.

Ndugu msikilizaji, ni nani nyumbani mwako asiyeulizwa neno kwa sababu tu si mgonjwa? Mwulize leo, chai ikiwa inapoa.

Tuombe. Ee Bwana, wape hekima wote wanaochunguza saratani, uwafariji wanaougua. Nasi tunaokutumikia, uturudishe nyumbani kabla watoto hawajalala. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.