Ajali Ndogo, Madai Makubwa

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani walipokutana Tunduma)



 Katibu aliponiandikia alisema nichague jambo lolote lenye manufaa kwa wanachama, mradi nisizidishe nusu saa. Nimepitisha macho katika orodha yetu, nikaona kwamba wengi wetu ama tunaendesha magari, ama tunamiliki magari yanayoendeshwa na wengine. Kwa hiyo nimeonelea nizungumzie jambo nililokutana nalo mara nyingi katika kazi yangu ya uwakala wa bima hapa mpakani. Ni juu ya mtu anayekuja kudai fidia ya kuumia baada ya ajali ndogo, nawe moyoni huamini kwamba ameumia.

Sizungumzii ajali za mteremko wa Senjele. Zile hazina mjadala. Anayezitazama hulia tu. Nazungumzia kule kugusana kwa magari katika foleni ya malori, baina ya Mpemba na mpaka, ambako gari hutambaa mwendo wa mtu anayetembea. Taa inavunjika, bampa inabonyea, watu wanashuka, wanatazamana, wanapeana pole, kila mmoja anakwenda zake. Siku ya tatu unabishiwa hodi. Mlangoni yupo mtu mwenye kola ya shingoni, ndugu zake wawili, na bwana mmoja anayejiita mpatanishi. Wanataka fedha taslimu, na wanataka mambo yaishe bila polisi.

Hapo mwenye gari hupatwa na moja ya magonjwa mawili. La kwanza ni woga. Anasema heri nusu shari kuliko shari kamili, anatoa fedha, na juma la pili wanakuja wengine watatu. La pili ni hasira. Anasema watu wote wa namna hiyo ni matapeli, anafunga mlango, na kumbe aliyefungiwa nje ameumia kweli. Leo napenda kuonyesha kwamba magonjwa haya mawili yana dawa moja, nayo haihitaji elimu kubwa kuliko ile tuliyopata hapa shuleni. Dawa hiyo ni kuandika.

Nitawapa mfano. Majina sitayataja, kwa kuwa wahusika wangali wanaishi na kufanya kazi zao.

Mteja wangu mmoja, mfanyabiashara wa mahindi, alikuwa na pikapu iliyoendeshwa na kijana wake. Siku moja asubuhi pikapu hiyo iliigonga kwa nyuma daladala aina ya Hiace iliyokuwa ikitoka Mlowo. Mwendo ulikuwa mdogo mno. Taa moja ilivunjika na mlango wa nyuma wa Hiace ukabonyea. Hakuna aliyetoka damu.

Kijana yule alikuwa na daftari la kuandikia mafuta. Alifungua ukurasa mpya, akamwomba kondakta amsaidie, wakaandika majina ya watu wote waliokuwamo ndani ya Hiace. Pamoja na dereva na kondakta walikuwa watu 11. Mbele ya kila jina aliandika namba ya simu, mahali mtu alipoketi, na neno moja juu ya hali yake. Watu 10 walisema "mzima". Mama mmoja, muuza mchele, alisema "mkono unauma kidogo", naye akaandika hivyo hivyo. Kisha akapiga picha za magari yote mawili kabla hayajasogezwa, pamoja na namba zake na stika za bima. Madereva wakaenda wote kituo cha polisi kutoa taarifa, na askari akaweka nakala ya ukurasa ule katika jalada.

Yalikuja madai mawili. La kwanza lilikuwa la kijana mwenye kola ya shingoni, akidai shilingi milioni 2. Alikuwa na barua ya hospitali yenye mhuri, na maneno mazuri. Alisema aliketi kiti cha nyuma, dirishani. La pili lilikuwa la yule mama wa mchele. Kesho yake alichukua PF3 polisi, akaenda kutibiwa, akapigwa picha ya eksirei, na picha ikaonyesha mifupa mizima. Hata hivyo alisema mkono unazidi kuuma na hawezi kuinua debe.

Mteja wangu alikasirika. "Huyu wa shingo ana barua, walau," aliniambia. "Lakini huyu mama eksirei yenyewe imemkana! Tumpe kijana laki 5 anyamaze, na mama aende zake."

Nilimwomba asitoe hata senti moja, na asimtukane mtu yeyote. Nilimweleza kwamba mikataba ya bima kwa kawaida humkataza mwenye gari kukiri kosa au kulipa fidia bila ridhaa ya kampuni. Akilipa kichochoroni, huenda amejivunjia ulinzi wake mwenyewe. Tukawajibu wadai wote wawili kwa barua zinazofanana neno kwa neno: poleni, madai yenu yamepokelewa, tafadhali leteni PF3 iliyojazwa na daktari, na taarifa zote za matibabu, yatapelekwa kwa kampuni ya bima.

Kijana wa shingo hakuleta PF3. Tulipofungua ukurasa wa daftari, jina lake halikuwamo. Kiti cha nyuma dirishani alikuwa ameketi mzee mmoja, naye tulipompigia simu alithibitisha hivyo. Mpelelezi wa kampuni akaenda hospitali iliyotajwa katika barua kuuliza, na rejesta ya siku ile haikuwa na mgonjwa wa jina hilo. Serikalini tumesikia habari za wafanyakazi hewa; huyu alikuwa abiria hewa. Alipoelezwa kwamba jalada litarudishwa polisi, yeye na mpatanishi wake hawakuonekana tena.

Na yule mama? Tabibu aliyemwona mara ya kwanza alikuwa mtu makini. Alikuwa ameandika kwamba maumivu yako chini ya kidole gumba, na kwamba arudi baada ya majuma mawili. Iko sababu. Katika kifundo cha mkono, upande wa gumba, umo mfupa mdogo ambao ukipata ufa, wakati mwingine picha ya kwanza haiuonyeshi. Huonekana baada ya siku 10 hadi 14 hivi. Mama alirudi, akapigwa picha ya pili, ufa ukaonekana. Alikuwa ameshikilia kiti cha mbele yake wakati wa kugongwa. Akafungwa plasta, na baadaye kampuni ikamlipa gharama zake za matibabu na fidia ya siku alizokosa kazi.

Ndugu zangu, tazameni jambo hili vizuri. Yule ambaye sote tulikuwa tayari kumwamini hakuwamo ndani ya gari. Yule ambaye eksirei "ilimkana" ndiye aliyevunjika. Na ukurasa uliomkataa wa kwanza ndio uliompatia haki yake wa pili, kwa maneno yale matatu: mkono unauma kidogo. Bila ukurasa ule, mwenye nguvu ya maneno angelipwa, na mwenye kuvunjika angefukuzwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza kwamba hata haki hupotea hivyo hivyo.

Kwa hiyo shaka si ushahidi. Maumivu ya shingo hasa yanadanganya watu wa pande zote mbili. Mtu aliyetikiswa anaweza kujisikia mzima pale barabarani, na shingo ikakaza usiku au kesho yake. Eksirei huonyesha mifupa. Misuli iliyovutika haionekani. Kwa hiyo kuchelewa kulalamika peke yake si dalili ya uongo. Dalili za kuangalia ni nyingine: anayekataa kwenda polisi, anayekataa kuonwa na daktari mwingine, anayedai jibu leo hii na fedha mkononi, asiyejua aliketi wapi wala karibu na nani, na mpatanishi ambaye humjui, lakini yeye anajua namba yako ya simu. Ukiziona hizo, usihukumu. Ziandike, uzifikishe kwa kampuni na polisi.

Sheria imekwisha tengeneza njia. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inamlazimu mwenye gari kuwa na bima kwa ajili ya watu wengine watakaouawa au kuumizwa. Maana yake ni kwamba fedha ya aliyeumia kweli ipo, na haitakiwi kutoka katika ada za watoto wako. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inasema anayedai jambo ndiye mwenye wajibu wa kulithibitisha. Na Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 302, inamngoja anayejipatia mali kwa udanganyifu. Kifungo chake chaweza kufika miaka 7. Kwa upande mwingine, aliyeumia anayo miaka 3 ya kufungua shauri la madhara, kwa hiyo usitupe karatasi zako baada ya mwezi mmoja. Na iwapo kampuni yenyewe ndiyo inayokataa dai la haki, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009.

Wenzetu wameonja uchungu wa jambo hili. Jirani zetu Kenya waliona kampuni zilizobeba bima nyingi za matatu zikiwekwa chini ya usimamizi maalumu: United Insurance mwaka 2005, na Blue Shield mwaka 2011. Madai ya ajali za abiria, ya kweli na ya kubuni, yalikuwa miongoni mwa mizigo ya biashara hiyo. Kampuni ikianguka, anayebaki na jeraha lisilolipwa ni mama wa mchele. Tapeli hutafuta kampuni nyingine. Na huko Uingereza, madai ya shingo baada ya kugongana kudogo yalizidi mpaka Bunge likatunga sheria mwaka 2018. Tangu Mei 31, 2021, madai ya namna hiyo hayaruhusiwi kumalizwa bila taarifa ya daktari. Wameamua kama kijana wetu wa daftari: karatasi kwanza, fedha baadaye.

Sisi wa Tunduma tunalo la ziada, kwa kuwa nusu ya magari ya foleni yetu ni ya wageni. Ukigongana na gari la Zambia au la Kongo, uliza Kadi ya Njano ya COMESA na uandike namba yake. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini imebaki katika mpango wa kadi hii. Nawe ukivuka kwenda Nakonde, usiende bila yako. Dereva akishavuka mpaka, kumpata tena ni kazi.

Basi, nafupisha. Simama, usikimbie, lakini ukiona umati unataka kukudhuru, nenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu. Aliyeumia apelekwe kutibiwa kwanza. Andika majina ya watu wote, hata wanaosema ni wazima, na uandike wanavyosema wao, si unavyopenda wewe. Piga picha. Toa taarifa polisi na kwa wakala wako siku hiyo hiyo. Usikiri, usilipe, usitukane. Anayekuja baadaye mpokee kwa adabu, mpe kiti, mpe pole, na umwonyeshe njia ya PF3. Mkweli ataifuata, hata kama inachosha.

Daftari la kurasa 48 halina bei ya kumshinda mtu yeyote aliyemo humu ndani. Naomba kila mmoja wetu aweke moja ndani ya gari lake, pamoja na kalamu inayoandika, na amfundishe dereva wake kulitumia. Walimu wetu waliokaa hapa mbele walituchapa ili tuandike vizuri; tusiache kazi yao ipotee.