Fundi Anapopigwa na Umeme, Dhamana ni ya Nani?



Jumba la Beit al Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, hutajwa kuwa jengo la mwanzo kuwaka taa za umeme Zanzibar. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu yake iliporomoka likiwa katika matengenezo, na watu wawili waliokuwa kazini wakafariki dunia. Msiba ule haukutokana na umeme. Hata hivyo uliukumbusha Mji Mkongwe kwamba nyumba inayotengenezwa ni mahali pa kazi, na mahali pa kazi pana sheria.

Umeme una hatari ya pekee katika nyumba hizi. Kuta za mawe na chokaa hunywa maji. Nyaya za zamani zimefichwa ndani ya plasta, na aghalabu hakuna ajuaye zinapopita. Kibarua anayetoboa ukuta wenye unyevu, naye yu miguu mitupu, huweza kuugusa waya wenye umeme wa volti 230. Akianguka, suali la mwanzo mtaani huwa: kosa la nani?

Sheria haimtafuti mtu mmoja tu. Huuliza ni nani aliyekuwa na uwezo wa kuizuia hatari ile, naye asiizuie.

Wa mwanzo kuulizwa ni mwajiri. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, Namba 8 ya 2005, inamtaka aweke mahali pa kazi salama. Kumwambia kibarua "jihadhari" hakumwondolei wajibu huo. Mkataba wa mdomo nao ni mkataba; kukosa karatasi si kukosa haki. Zaidi ya hayo, katika utaratibu wa fidia kwa wafanyakazi, aliyeumia hatakiwi kuthibitisha uzembe wa mwajiri, bali kwamba ajali imetokana na kazi na imemkuta akiwa kazini. Ifahamike pia kwamba masuala ya kazi si ya Muungano. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi wa Tanzania Bara hauwahusu walioajiriwa Zanzibar, ambao wana sheria yao.

Wa pili ni mwenye nyumba. Akimpa kazi mkandarasi mwenye ujuzi, usalama wa vibarua huwa kwa sehemu kubwa juu ya mkandarasi huyo. Lakini akiujua waya ulio wazi akaunyamazia, akikataa umeme usizimwe, au akimwita mtu asiye fundi kwa sababu ya urahisi wa bei, naye huweza kudaiwa mahakamani. Shirika la Umeme hujibu kwa njia zake hadi kwenye mita. Nyaya za ndani ni dhamana ya mwenye nyumba.

Kibarua naye ana wajibu wa kufuata maelekezo. Uzembe wake huweza kupunguza malipo atakayopewa na mahakama, lakini haumsafishi mwajiri aliyekwisha kukosea.

Ajali ikitokea, umeme uzimwe kwanza. Aliyenaswa asiguswe kwa mkono mtupu. Apelekwe hospitali hata akisema hajambo, kwani umeme huweza kuuathiri moyo bila ya jeraha la nje. Kisha ushahidi uhifadhiwe: picha za mahali na waya, majina ya walioshuhudia, cheti cha daktari na kumbukumbu za malipo ya kibarua. Taarifa ifikishwe mapema kwa wizara inayosimamia kazi, na sheha ajulishwe. Familia isitie saini karatasi ya kupokea "mkono wa pole" kabla ya kupata ushauri wa sheria, kwani saini hiyo huweza kutumiwa kuzuia madai yake.

Kuzima swichi kuu kabla ya nyundo ya kwanza hakugharimu hata shilingi. Kutoizima huweza kumgharimu kibarua uhai wake, na mwenye nyumba akabaki na deni.